Ubao, kikao, barua au TAKUKURU: fedha za shule ukaulize wapi?

Tanzania Bara, shule ya msingi ya serikali yenye watoto 600 hupokea kama Sh 300,000 kwa mwezi za uendeshaji. Hesabu yake haina siri. Tangu Elimu Bila Ada ianze Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka. Sh 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 huingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, yaani Sh 500 kwa mtoto kwa mwezi. Karatasi za mitihani, chaki, bawaba za milango, jezi za UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), vyote vinangojea hapo. Watu wengi huita fedha hizi kapitesheni.

Kisha kuna fedha kubwa zinazokuja mara moja moja. Mwaka 2021, kwa mkopo wa UVIKO-19 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, yalijengwa madarasa 15,000, kila moja likitengewa Sh milioni 20. Na kuna za tatu ambazo hakuna anayezitaja kwenye ripoti: elfu mbili ya uji, mia tano ya mlinzi, na zile "tumekubaliana wazazi" ambazo hukumbuki ulikubaliana lini.

Kwa hiyo mzazi akiniambia "shuleni kwetu fedha zinaliwa", mimi humuuliza: zipi? Ukichanganya hizo tatu utabisha hodi mlango usio wako, na huko utaambiwa "tunalifanyia kazi" mpaka mwanao amalize darasa la saba. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule kwa miaka mitatu, na baada ya hapo nikawa mzazi wa kawaida mwenye tabia ya kuandika barua. Hizi ndizo njia nilizozipita au nilizoona wenzangu wakizipita, nimeziweka bega kwa bega.

Ubao wa matangazo

Hii ndiyo njia ya bure kuliko zote. Shule inatakiwa kubandika fedha ilizopokea na ilizotumia mahali pa wazi. Huhitaji ruhusa wala kikao. Unampeleka mtoto, unasimama dakika mbili mbele ya ubao, unasoma.

Usiidharau. Wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku za shule 250 za msingi nchini Uganda kwa miaka ya 1991 hadi 1995, wakakuta kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya fedha zilizotoka Kampala kwa ajili yao. Nyingine ziliishia kwa wakubwa wa wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 upotevu ulikuwa umeshuka kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 20. Watafiti wengine walikuja kusema si karatasi peke yake iliyofanya kazi hiyo, kwa sababu mfumo mzima wa kutuma fedha nao ulibadilishwa wakati uleule. Nakubaliana nao. Ila hakuna aliyesema karatasi haikusaidia.

Kasoro ya ubao ni kwamba hujibu swali moja tu: zimekuja ngapi? Ukitaka kujua zimenunua nini, kwa nani na kwa bei gani, ubao hauna mdomo. Karatasi yenyewe mara nyingi ni ya robo mwaka iliyopita, wino umepauka kwa jua na kona moja imeliwa na mchwa. Hata hivyo kwa swali la kapitesheni, anzia hapa. Chukua idadi ya wanafunzi, zidisha kwa 500, linganisha na kilichoandikwa. Kikiwa kidogo, inawezekana fedha zimechelewa au zimeletwa pungufu, na hilo si kosa la mwalimu mkuu. Kikiwa kikubwa, uliza idadi ya watoto iliyotumwa wilayani ni ngapi. Uhakiki wa mwaka 2016 uliibua "wanafunzi hewa" sehemu nyingi nchini, na wale hawakuwahi kuketi kwenye dawati lolote.

Jambo moja dogo la kuepusha ugomvi: posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, Sh 200,000 kwa mwezi, ni haki yake na si sehemu ya kapitesheni. Nimeona wazazi wawili wakiichanganya, wakamtukana mwalimu wa watu bure.

Kamati ya shule

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote kwa fedha ndogondogo, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kamati ipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Mwalimu mkuu ndiye katibu wake, na mwenyekiti hutoka kwa wazazi. Kwa sekondari kuna bodi ya shule, na katibu ni mkuu wa shule. Tofauti kubwa kati ya kamati na mkutano wa wazazi ni kwamba kwenye kamati leja inakuwa mezani. Mjumbe ana haki ya kuifungua.

Kikao changu cha kwanza nakikumbuka vizuri. Mwalimu mkuu alisoma: "Ukarabati, laki moja na themanini." Kimya. Tulikuwa tayari tunaangalia soda. Mzee mmoja, seremala aliyestaafu, akanyanyua mkono.

"Mwalimu, ukarabati wa nini?"

"Mlango wa darasa la nne, mzee wangu."

"Basi twende tukauone."

Tukatoka wote, tukiona aibu kidogo, tukavuka uwanja. Mlango ulikuwepo, mpya, una kitasa. Mzee akaugonga kwa vifundo vya vidole, akaunusa kabisa, akasema, "Huu ni mpaini. Laki na themanini ni bei ya mkongo." Mwalimu akasema fundi ndiye aliyeleta, yeye hajui mbao. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Kikao kilichofuata fundi aliitwa, na elfu sitini ikarudi kwenye akaunti, ikaandikwa kwenye muhtasari. Hakukuwa na polisi, hakukuwa na barua, na mwalimu mkuu hakupoteza heshima yake.

Njia nyingine zote nitakazozitaja zisingeweza kuuona mlango ule. Mkaguzi wa wilaya angeona vocha na risiti, na zote zilikuwa sawa. Ilihitaji mtu anayejua mbao, aliye hatua hamsini kutoka darasani.

Udhaifu wake unategemea nani yumo. Kamati yenye mwenyekiti ambaye ni msambazaji wa chaki wa shule hiyohiyo ni kamati ya kupiga muhuri. Na wapo wajumbe waliochaguliwa kwa sababu hawakuhudhuria mkutano wa kuchagua. Utani huo tulikuwa nao wenyewe. Kama wewe si mjumbe, mtafute mjumbe mmoja unayemwamini, mpe swali lenye tarakimu, umwombe aliingize kwenye ajenda kabla ya kikao. Usimpe lawama, mpe swali. "Mwezi wa tatu karatasi zilinunuliwa rimu ngapi?" linajibika. "Mbona hamna uwazi?" halijibiki, na mjumbe wako ataonekana mkorofi bila kupata kitu.

Mkutano wa wazazi, na mkutano mkuu wa kijiji

Watu huiona mikutano hii kuwa kitu kimoja, lakini haifanani.

Mkutano wa wazazi huitwa na shule, ajenda hutoka shuleni, na taarifa ya fedha huwa ya pili kutoka mwisho, juani, baada ya hotuba tatu. Mapato kadhaa, matumizi kadhaa, bakaa kadhaa, makofi. Ukisimama pale unasimama kama mama Neema, na mwalimu anajua Neema anaketi dawati gani. Hofu hiyo ni ya kweli, hata kama mara nyingi hakuna lolote linalompata mtoto. Ndiyo maana naipa njia hii alama za chini kwa swali la ruzuku.

Ila kwa michango ya wazazi, hapa ndipo penyewe. Mchango wa chakula au mlinzi unasimama juu ya makubaliano, kwa hiyo mahali pa kuuliza ni palepale palipokubaliwa: tulikubaliana siku gani, muhtasari uko wapi, na nani anashika fedha? Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kuchangisha wazazi. Kwa hiyo mchango unaokusanywa darasani na mwalimu, huku mtoto asiyelipa akirudishwa nyumbani, hauhitaji mjadala mrefu. Nenda kwa afisa elimu kata wiki hiyohiyo.

Mkutano mkuu wa kijiji ni kitu kingine. Huo ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, kisheria hufanyika kila miezi mitatu, na mwalimu mkuu si mwenye mkutano bali anakuja kujibu. Kwa darasa lililosimama kwenye lenta tangu mwaka juzi, huu ni mzuri, kwa sababu mara nyingi wanakijiji wenyewe walichimba msingi na kusomba mawe, na nguvukazi yao inatakiwa kuonekana kwenye hesabu. Sharti ni moja: suala liwe ajenda. Likiachwa kwenye "mengineyo" limekufa. Kufikia mengineyo kinamama wameshakung'uta kanga zao na mtendaji anatafuta kofia. Mwone mwenyekiti wa kijiji wiki moja kabla.

Barua ya kuomba taarifa

Kuna sheria ambayo hata baadhi ya watumishi wa halmashauri hushangaa ukiitaja: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Unaweza kutozwa gharama za kurudufu.

Ukiiweka kando ya kikao, barua ni ya polepole na ya baridi. Haina mlango wa kugongwa kwa vidole. Lakini inakupa kitu ambacho kikao hakikupi: karatasi. Kikao kinakupa maneno, na maneno ya jana mtu huweza kuyakana leo. Barua iliyogongwa muhuri wa "imepokelewa", ikaandikwa kwenye kitabu cha dispachi, inaanza kuhesabu siku hata kama hakuna anayeipenda.

Siri iko kwenye namna ya kuomba. Barua yangu ya kwanza iliandikwa hivi: "Naomba kufahamishwa jinsi fedha za shule zinavyotumika." Nilijibiwa kwa aya moja kwamba zinatumika kwa kufuata miongozo. Nilistahili jibu hilo. Ya pili niliandika: "Naomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya ruzuku ya uendeshaji ya shule tajwa kwa miezi ya Julai hadi Desemba, pamoja na nakala ya muhtasari wa kikao cha kamati ya shule kilichoidhinisha matumizi hayo." Siku ya ishirini na tisa nikapigiwa simu nikachukue kurasa nne. Ukitaja hati kwa jina lake, afisa anajua faili gani la kufungua. Ukiomba "uwazi", hakuna faili lenye jina hilo.

Kwa ujenzi wa fosi akaunti, yaani ule ambao shule yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi bila mkandarasi, barua ndiyo chaguo langu la kwanza, kabla hata ya mkutano wa kijiji. Ujenzi wa aina hiyo huwa na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Omba makadirio ya ujenzi, ankara za wauzaji na kumbukumbu za mapokezi ya vifaa. Kisha keti uzilinganishe. Mapokezi yakionyesha mifuko 120 ya saruji na ankara ikionyesha 160, una swali ambalo mkutano wa kijiji hauwezi kulizungusha. Bila karatasi hizo utasimama mkutanoni na kusema "darasa limeliwa", na mwenyekiti atakuuliza, na nani?

Sasa upande mbaya. Ofisi inaweza kukunyima kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria, kwa mfano jambo likiwa kwenye uchunguzi au likigusa faragha ya mtu. Ukinyimwa unaomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, kisha unakata rufaa kwa waziri. Ni ngazi ndefu kwa mtu anayetaka kujua habari za saruji. Pia sheria hiyohiyo inamwadhibu anayepotosha taarifa aliyopewa, kwa hiyo kurasa ukizipata, usizikate vipande na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ukiwa umeongeza chumvi. Irushe hati nzima au usiirushe.

Diwani na ripoti ya CAG

Nitapita haraka. Diwani ni mzuri kwa jambo linalozidi shule moja: fedha za kata nzima zimechelewa, mradi umehamishiwa shule nyingine, walimu wamehamishwa wote. Anaketi kwenye baraza la madiwani, mkurugenzi yupo, na kikao cha baraza ni cha wazi, unaweza kwenda kuketi nyuma ukasikiliza. Kwa mlango wa mpaini usimsumbue. Na mwaka wa uchaguzi mpime mara mbili, maana swali lako laweza kugeuka fimbo ya kumpigia mwenzake.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) watu huitaja sana, na kwa nchi ni chombo kikubwa. Kwa mzazi ni kioo cha nyuma cha gari. Fedha iliyotumika Julai 2024 ni ya mwaka wa fedha unaoishia Juni 2025. Ripoti humfikia Rais kabla ya mwisho wa Machi 2026, na huwekwa wazi ikishawasilishwa bungeni mwezi Aprili. Hiyo ni miezi 21. Tena kuna halmashauri 184, na shule yako haitatajwa isipokuwa iwe na kasoro ya kutajika. Isome upate kuijua halmashauri yako ilivyo: je, kila mwaka hoja zilezile zinarudi? Kama zinarudi, barua yako iandikwe kwa uangalifu zaidi na nakala ziwe nyingi.

TAKUKURU

Hii ndiyo Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Simu ni 113 na haina malipo. Jina lako linaweza kufichwa, na kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kwa mtu anayeogopa kuonekana, hakuna njia nyingine hapa inayompa kinga hiyo. Barua ina jina lako, na kikao kina uso wako.

Hata hivyo wengi huikimbilia mapema mno. Uchunguzi ukianza, mafaili hufungwa, mdomo wa mwalimu mkuu hufungwa, na hata kamati hujificha nyuma ya "suala liko TAKUKURU". Kama kilichotokea ni uzembe wa kuandika leja, umeshapoteza mwaka mzima na uhusiano na shule. Nenda huko ukiwa na kimoja kati ya hivi: risiti unayoamini ni ya kughushi, vifaa vilivyolipiwa ambavyo havikufika, mtu aliyeombwa chochote ili apewe kazi, au vitisho. Vitisho hasa. Ukishatishiwa kwa sababu ya kuuliza, acha kuuliza kwa mdomo.

Ningekuwa wewe

Kwa kapitesheni ya kila mwezi ningesoma ubao leo, nikapiga hesabu ya 500 mara idadi ya watoto, kisha ningempa mjumbe wa kamati swali moja. Likikwama vikao viwili, barua.

Kwa darasa au choo kilichokwama, barua kwanza, mkutano wa kijiji baadaye nikiwa na kurasa mkononi, na diwani nikimpa nakala, si kumwachia kesi.

Kwa michango, mkutano wa wazazi kama tatizo ni hesabu, afisa elimu kata kama tatizo ni mtoto kurudishwa nyumbani.

Matokeo ya mitihani hayahitaji njia yoyote kati ya hizi. Baraza la Mitihani (NECTA) huyaweka mtandaoni shule kwa shule. Tangu Januari 2023 iliacha kutangaza kumi bora, nami sikusikitika hata kidogo. Linganisha shule yako na yenyewe ya miaka mitatu iliyopita, na jirani yake yenye hali kama hiyo.

Kwa walio Zanzibar, sheria ya 2016 niliyoitaja ni ya Tanzania Bara, msiitumie kama msingi wa barua. Walio Kenya wana ngazi fupi kuliko yetu: haki ya taarifa imo kwenye ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, sheria yao ya 2016 inatoa siku 21, na ukinyimwa unakwenda kwa ofisi ya Ombudsman badala ya kwa waziri. Huko barua ningeipandisha juu ya kikao cha bodi ya shule. Huku kwetu, kama kuna seremala kwenye kamati, bado ningeanza na seremala.